Siku Themanini Kibandani: David Livingstone, Kipindupindu na Maisha ya Ndani

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya corona, waseminari nao walifunga masanduku wakarudi makwao. Hapa Tanzania makanisa yalibaki wazi, wala hatukufungiwa ndani kama jirani zetu wa Rwanda na Uganda. Hata hivyo, kijana aliyezoea kuamshwa na kengele, kusali Masifu ya Asubuhi pamoja na wenzake na kula kwa saa, alijikuta nyumbani bila kengele, bila kikanisa na bila gombera. Wiki ya kwanza ilikuwa likizo. Kufikia wiki ya tatu wengi walikuwa wanaamka saa nne, na kitabu cha sala kimekaa mezani tangu Jumapili. Wamenisimulia wenyewe, baadhi yao huku wakicheka.

Kwa ajili yao nimeona nisimulie habari za mtu ambaye kila mkazi wa Kigoma anamjua kwa jina. Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwenye makumbusho, akaonyeshwa miembe inayosemekana ni kizazi cha mwembe ule wa zamani na sanamu za wazungu wawili wanaosalimiana, kisha akapiga picha na kuondoka. Mkutano wa dakika chache umefunika miaka yote iliyoutangulia. Nataka nirudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1870, David Livingstone alipokaa siku themanini ndani ya kibanda ng'ambo ya ziwa letu, mgonjwa, wakati kipindupindu kikitembea katika njia zote za misafara.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini gazeti la seminari limpe nafasi Mprotestanti. Asubiri kidogo. Marehemu huyu alilala usiku mmoja ndani ya kanisa letu, na nitafika huko.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja. Akiwa na umri wa miaka kumi aliingia kiwandani, akawa anafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha anakwenda darasa la jioni. Kitabu alikiweka juu ya mashine ya kusokotea nyuzi, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kuigawa siku vipande vidogo na kukitumia kila kipande. Alisomea udaktari na teolojia, akatumwa na shirika la kimisionari la London, akafika kusini mwa Afrika mwaka 1841.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari wa Kuruman. Baada ya kuhamahama walijenga Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na hiyo ndiyo nyumba pekee ya kweli ambayo familia hiyo iliwahi kuwa nayo kwa pamoja. Aliijenga kwa mikono yake. Waliamka mapema, wakasali pamoja na kula kifungua kinywa, kisha shule ikaendelea hadi saa tano. Baada ya hapo mume aligeuka fundi chuma, seremala na mtunza bustani, na mke akashika kazi za ndani, kabla ya kuwafundisha watoto wadogo wa kijiji baada ya chakula cha mchana. Sabuni walipika wenyewe kwa majivu ya mimea, mishumaa walitengeneza wenyewe, na mkate uliokwa ndani ya kichuguu kilichochimbwa tundu. Ukame ulipozidi walikula nzige, viwavi na vyura wakubwa, na inaelekea watoto waliwapenda sana vyura hao.

Maisha hayo hayakudumu. Baba alitaka kwenda mbele zaidi, kaskazini, mahali ambapo hakuna mmisionari aliyefika. Aprili 1852 aliwapandisha Mary na watoto wanne meli Cape Town warudi Uingereza, naye akageukia bara. Miezi michache baadaye Makaburu walivamia Kolobeng, wakachana vitabu na kuvunja chupa za dawa. Mary alihangaika Uingereza zaidi ya miaka minne, bila nyumba yake na bila fedha za kutosha, wakati mumewe akivuka Afrika toka Luanda hadi mdomo wa Zambezi na kupata sifa dunia nzima. Aliporudi Afrika kuungana naye, homa ilimwua huko Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mtoto wao wa kwanza, Robert, alikufa mfungwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akiwa hajafikisha hata miaka ishirini. Uzeeni Livingstone alikiri kwamba jioni za Kolobeng alikuwa amechoka mno kucheza na watoto wake, na alipozinduka walikuwa wamekwisha kukua na kuondoka. Sioni haja ya kumtetea katika hili. Yeye mwenyewe hakujitetea.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Alitafuta chanzo cha mto Nile, na alitumaini kwamba habari zake zingesaidia kuikomesha biashara ya watumwa. Januari 1867 watoro katika msafara wake waliiba sanduku la dawa, pamoja na kwinini yote. Kuanzia hapo kila homa ilimkuta mikono mitupu. Aliliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza Aprili 1867. Alipofika Ujiji tarehe 14 Machi 1869 alikuwa amebebwa kwenye kitanda, mapafu yameshikwa vibaya, na njiani alikuwa amepoteza hesabu ya siku za juma na za mwezi. Waliombeba walikuwa watu wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ukweli huu ulimkera hadi mwisho: aliichukia biashara ile kwa moyo wote, na aliishi kwa chakula na huruma ya wanaoifanya.

Ujiji aliandika barua zaidi ya arobaini, akahangaika kumpata mtu wa kuzipeleka pwani. Julai akavuka ziwa kuelekea Manyema, akafika Bambarre, ambayo leo inaitwa Kabambare, katika jimbo la Maniema nchini Kongo. Watu wa Kigoma wenye asili ya Manyema wanakujua huko kwa masimulizi ya babu zao. Juni 1870 alijaribu kuufuata mto Lualaba akiwa na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamemwacha. Mvua na matope vilimtoa vidonda miguuni, vile tunavyoviita donda ndugu, vinavyokula nyama na kuacha mfupa wazi. Tarehe 22 Julai alirudi Bambarre akichechemea, akaingia kibandani.

Hakutoka hadi tarehe 10 Oktoba.

Huko nje dunia ilikuwa katika janga la kipindupindu, la nne tangu karne ile ianze. Mwishoni mwa mwaka 1869 ugonjwa ulishuka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, ukavuka kwenda Unguja na kuua maelfu ya watu, kisha ukafuata misafara kuingia bara. Karibu hakuna aliyeijua bakteria yake; Robert Koch aliitambua zaidi ya miaka kumi baadaye. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa sana. Tunakumbuka Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga, kipindupindu kikawaingia, na MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Bambarre nako watu walianza kuharisha na kufa. Barua zilikoma. Wapagazi waliotarajiwa kutoka pwani hawakuonekana, na mzee wa miaka hamsini na saba alikaa akisikiliza habari za vifo, hawezi kutia mguu chini.

Ndani ya kibanda alikuwa na nini? Kalamu na madaftari yake, Biblia na muda. Nyumba za Wamanyema alizisifu sana: za pembe nne, kuta zimekandikwa vizuri kwa udongo, kuni zimepangwa ndani kwa utaratibu. Kwa miguu alipata dawa moja tu iliyosaidia, jiwe la kijani la shaba linaloitwa malakaiti, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kidondani kwa unyoya. Kazi hiyo pekee inaweza kujaza asubuhi ya mgonjwa. Kisha alisoma. Katika kipindi chake cha Manyema aliisoma Biblia yote, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, mara nne. Kisha aliandika: hali ya hewa, tabia za wanyama, mila za wenyeji, mipango ya safari, malalamiko. Jumapili aliitenga kwa ibada. Usiku alisikiliza.

Alichokisikia usiku amekiandika, na kwangu ni moja ya kurasa nzito kuliko zote. Donda ndugu liliwashika zaidi watumwa waliofungwa minyororo, na vilio vyao vilikuwa sauti ya kawaida ya usiku katika kambi za wafanyabiashara. Yeye akiwa na kidonda kilekile alikuwa na kitanda, unyoya na mtu wa kumletea maji. Wao walikuwa na mnyororo. Alijua hivyo, na akaandika kwamba anajua.

Desemba mwaka huohuo, akiwa amepona miguu lakini bado anasubiri Bambarre, aliandika kuhusu ugonjwa mwingine uliomshangaza kama daktari. Watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa walivushwa mto Lualaba, kisha wakafunguliwa, kwa kuwa ng'ambo ile hawakuweza tena kutoroka. Walikula vizuri. Hawakuwa na homa wala jeraha. Walilalamika maumivu ya moyo tu, wakiweka mkono pale pale moyo ulipo, na baada ya siku chache walikufa. Walikuwa wamevumilia minyororo hadi walipouona ule mto mpana kati yao na kwao. Livingstone aliuita ugonjwa wa kuvunjika moyo. Mtu ambaye kwa hiari yake alikuwa mbali na kwake kwa miaka mingi aliwatazama watu wakifa kwa kunyang'anywa kwao.

Nisimpake rangi nzuri kupita kiasi. Ratiba ilimshika asianguke, lakini upweke ulimchezea akili. Katika kusoma mara ya tatu na ya nne alianza kuota kwamba Musa alipata kufika sehemu hizi za Afrika, na kwamba yeye akifuata mto atakuta mabaki ya mji wa kale na chemchemi zile za Nile alizozitaja Herodotus. Alikosea. Lualaba unamwaga maji yake Kongo, na Nile unatoka kwingine. Hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia, kwa upole, hapana daktari, hebu tupime tena. Msomi anayejisomea peke yake kwa muda mrefu bila mwalimu wala mwenzake wa kubishana naye anaweza kusoma Maandiko Matakatifu kwa bidii kubwa na bado akapotea. Walimu wa seminari walionisikia nikisema hivi walitikisa kichwa wakicheka. Nao waliona kazi zilizoandikwa majumbani mwaka ule.

Februari 1871 wapagazi kumi walifika hatimaye. Katika barua arobaini alizoambiwa zilitumwa, moja tu ilimfikia. Siku hizohizo mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto wa sokwe, jike. Sokwe huyo alinyoosha mkono ili abebwe, na akikataliwa alikunja uso kama mtoto wa binadamu anayelia. Usiku alijitandikia majani na kujifunika mkeka. Sisi tunaoishi karibu na Gombe hatushangai. Ila mzee ambaye hakucheza na watoto wake alitumia wino wake, uliokuwa haba, kueleza jinsi kiumbe huyo alivyotaka kubebwa.

Alitoka Bambarre tarehe 16 Februari, akafika Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Huko, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake, na mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Hakuweza kuendelea kutembea na watu wale. Akageuka, akarudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa, njia nzima akitegemea mali iliyotumwa kutoka Unguja imngojee. Alifika tarehe 23 Oktoba akakuta aliyekabidhiwa mali hiyo, Sherif, ameiuza yote. Sherif alidai amepiga ramli na kuona kwamba mwenyewe amekwisha kufa.

Stanley alimkuta katika hali hiyo. Hata tarehe inagombana: Stanley aliandika 10 Novemba, na daftari la Livingstone linaonyesha siku za mwisho za Oktoba. Homa ilikuwa imewaibia wote wawili siku kadhaa. Maneno ya kusalimiana yanajulikana kuliko yaliyofuata, na yaliyofuata ndiyo ninayoyapenda. Walikaa barazani pa tembe. Stanley alikuwa na mfuko wa barua uliofungwa mwaka uliotangulia. Livingstone aliufungua, akasoma moja mbili kutoka kwa watoto wake, kisha akauweka magotini na kuomba habari za dunia. Akaelezwa kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, kwamba Ufaransa na Ujerumani zimepigana vita, kwamba Grant ni rais wa Marekani. Halima, mpishi wake, alihangaika jikoni. Livingstone aliyekuwa akila mara mbili kwa siku bila hamu sasa alikula mara nne, na nguvu zikarudi ndani ya siku chache.

Wakaenda pamoja kwa mtumbwi hadi mto Rusizi, kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki. Desemba wakaondoka Ujiji kwenda Kwihara, karibu na Tabora. Stanley alimsihi arudi nyumbani apumzike, naye akakataa. Machi 1872 waliagana, na Livingstone akasubiri wapagazi wapya miezi mitano. Huo nao ulikuwa muda wa kukaa ndani, ila safari hii aliupokea kwa utulivu zaidi: aliwachunguza ndege, alishona hema, akagandisha maziwa ya ng'ombe kutengeneza jibini ya safari, iliyokuwa chachu kidogo. Agosti akaondoka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso katika mikono, amekwisha kufa.

Walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili kwa jua siku kumi na nne, wakaubeba hadi pwani. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakapokewa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwili ukalazwa usiku huo kanisani mwao. Mnara wa kanisa hilo la zamani bado umesimama na unaitwa kwa jina lake. Miaka mitano baadaye, Januari 1879, mapadre wetu wa kwanza, wale tunaowaita White Fathers, walifika Ujiji kwa njia ileile ya misafara.

Mwili ulisafirishwa, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwahi mazishi hayo. Walifika Uingereza baadaye, nauli ikilipwa na James Young, rafiki wa marehemu tangu ujana, wakamsaidia Horace Waller kusoma na kuelewa madaftari yale, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu walikuwapo siku hizo zote. Walikutana na Agnes na Thomas, watoto waliomjua baba yao zaidi kwa barua. Na huko Uskoti, kwenye makazi ya Young, walikata miti na nyasi wakajenga mfano wa kibanda cha Chitambo, ili watu wa kwao waone mzee alivyokuwa akiishi ndani.